Mama Atalala Wapi Nairobi?

Chemchem, Tabora
17 Agosti 1958

Mdogo wangu Getruda,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku sote tu wazima, isipokuwa magoti ya mama, ambayo hayajawahi kuwa mazima tangu nilipopata akili zangu. Pelagia mke wangu amejifungua mtoto wa kike na tumempa jina lako, kwa hiyo ukisikia watu wa Tabora wanasema Getruda amelia usiku kucha, usishtuke. Karanga mwaka huu si haba. Msalimie sana shemeji Sylvester.

Sasa kaa chini. Umekaa? Ndugu yetu Anton atapewa upadre huko Roma mwezi wa Desemba, na mama anakwenda kumwona! Kwa ndege! Wakristo wa parokia wamechanga, Padre naye amewaandikia jamaa zake Ulaya, tikiti imepatikana. Mama alipoambiwa alitoka nje akaangalia angani. Kisha akauliza kama huko juu kuna mahali pa kukojoa.

Ndege ya kutoka hapa itamfikisha Nairobi Jumamosi tarehe 13 mchana. Ile kubwa ya Roma inaondoka Jumapili mchana. Katikati ni usiku mmoja tu, na usiku huo ndio unaoniumiza kichwa. Padre aliposikia kwamba wewe na mumeo mnakaa Nairobi, alipiga makofi: "Basi mambo yamekwisha, atalala kwa binti yake!" Nilimtazama mtu mzima yule, na miaka yote aliyokaa Unyamwezini! Mama alale nyumba moja na mkwewe? Mkwe ambaye tangu alipoleta posa hajapata kumwona uso, akisikia anapita njia hii yeye anashika ile? Padre akasema, basi Sylvester aende akalale kwa rafiki yake usiku ule. Ala! Na kitanda je? Kitanda cha mkwe ni mkwe mwenyewe. Mama amesema heri alale chini ya bawa la ndege.

Kwa hiyo tafuta hoteli. Si hoteli ya chai na maandazi, hoteli ya kulala, tena nzuri. Masharti ya mama ni haya, nayaandika kama alivyoyasema: isiwe na ngazi, kitanda kisiwe cha kuparamia, mlango ufungwe kwa ndani, na pasiwe na walevi. Nilimkumbusha kuwa babu alibeba pembe za ndovu toka hapa Tabora mpaka pwani, akilala makambini juu ya majani. Akanijibu kuwa katika makambi yote hayo babu hakulala hata siku moja na mkwe wake.

Ujibu haraka.

Kaka yako,
Hilari

*

Nairobi
9 Septemba 1958

Kaka Hilari,

Milele amina, na shikamoo. Mama naye shikamoo. Pelagia mpe hongera, na huyo mwenye jina langu mwambie aendelee kulia, dunia ndivyo ilivyo. Hapa Nairobi ni baridi na kazi. Wodi imejaa watoto wa surua, nasimama toka alfajiri hadi miguu inakuwa si yangu. Ya Anton nimeyasoma mara nne. Mtoto aliyekuwa akiiba sukari ya baba leo anakwenda kuwa padre! Mungu ni mkubwa.

Haya, hoteli. Nilianza na ile kubwa ya katikati ya mji, yenye zulia jekundu mpaka nje. Nilivaa gauni langu la Pasaka. Mlangoni kasimama mtu mweusi kama mimi na wewe, kofia yake ina vifungo vya kung'aa. Akaniambia, "Dada, mlango wa watumishi uko nyuma." Nikamwambia sitafuti kazi, natafuta chumba cha mama yangu. Hakunicheka. Afadhali angenicheka, kaka. Alisogea karibu akanong'ona, "Mwafrika hapa haingii ila na trei mkononi. Nenda kabla bwana hajakuona, usije ukatukanwa bure." Nimekaa mji huu, mambo haya nayajua. Lakini kuyajua ni jambo moja, na kuambiwa mlangoni umevaa gauni la Pasaka ni jambo jingine.

Ya pili ni ya Mhindi mmoja. Vyumba safi, bei nzuri, ila vyote viko juu, na ngazi zake kama za mnara wa kanisa. Ya tatu iko Pumwani, chini ni baa, na mwenyewe aliniuliza kama chumba nakitaka kwa saa au kwa usiku. Nilikimbia.

Ya nne ndiyo. Ni nyumba ya mjane wa Kigoa, anapangisha vyumba. Chumba kiko chini, pazia lina maua, ukutani Bikira Maria, na kitanda nimekikalia mwenyewe, hakizami wala hakiyumbi. Kanisa liko ng'ambo ya barabara. Amesema mama wa padre ni mama yake pia. Nimekishika chumba.

Basi mama atulie.

Mdogo wako,
Getruda

*

Chemchem, Tabora
24 Septemba 1958

Mdogo wangu Getruda,

Tumepokea barua yako. Sisi hatujambo. Mtoto ameanza kucheka, hasa akimwona Padre, sijui anaona nini. Jua ni kali, visima vya Chemchem vimebaki tope.

Trei mkononi! Nimelisoma neno hilo kwa sauti mbele ya watu. Mzee Kasimiri, jirani yetu, yule aliyepigana vita Burma, alitema mate na kuondoka bila kuaga. Hapa Wazungu wana klabu yao, tumezoea. Lakini mama yetu, mwenye tikiti yake, anakwenda kubariki mtoto wake Roma, asipewe kitanda cha usiku mmoja? Mimi nimeshindwa kula. Mama ndiye aliyenituliza. Alisema, "Waache na zulia lao. Yule Mgoa kitanda chake kirefu kiasi gani?"

Mwambie huyo mjane Mungu ambariki.

Ila kuna neno moja. Barua yako ina salamu za kila mtu, hata watoto wa surua, lakini shemeji Sylvester hakutusalimu. Zamani alikuwa anaandika mstari wake chini kwa mwandiko ule wa makarani wa relwe, uliolala. Anaumwa? Kahamishiwa Mombasa? Mama ameuliza kwa njia ya kuzunguka, unajua hawezi kumtaja jina. Alisema, "Mwenye nyumba ya Getruda hana wino?"

Tueleze.

Kaka yako,
Hilari

*

Nairobi
2 Novemba 1958

Kaka Hilari,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi ni mzima. Wasalimie wote.

Yule mama wa Kigoa aliniita juzi, akanipa chai na keki, na nilipoiona keki nikajua. Wapangaji wake wamesema Mwafrika akilala katika shuka za nyumba ile, wao wanahama wote. Alilia akiniambia. Mimi sikumsaidia kulia.

Kaka, nimechoka kuzunguka milangoni mwa watu. Mwambie mama asihangaike tena na hoteli. Alale kwangu. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja, ni changu, na hakuna mwingine anayekilalia. Mama ataelewa. Mengine usiniulize, naingia zamu.

Getruda

*

Chemchem, Tabora
13 Novemba 1958

Getruda, mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Sijui nianze wapi.

Barua yako ilifika mama akichambua mchele. Nilimsomea. Akaniambia, "Rudia hapo." Nikarudia. "Kitanda ni cha nani?" Nikamwambia, cha Getruda. "Peke yake?" Peke yake, mama. Ungo ulimtoka mikononi, mchele wote chini, akapiga yowe ambalo sijalisikia tangu siku aliyokufa baba. "Mkwe wangu amekufa! Mtoto wangu ni mjane na ameona haya kuniambia!" Mimi kusoma nimesoma, lakini nilikuwa sijaelewa. Yeye asiyejua a wala be ameelewa mara moja: binti hawezi kumwita mama yake alale kwake ila mkwe awe kaburini. Kabla sijakunja karatasi, nyumba imejaa watu.

Kesho yake tulipanda basi la Nzega mpaka Lusu, kwa wazazi wa shemeji. Mzee Ngollo alikuwa anarekebisha zizi. Alipotuona na nguo nyeusi alikaa chini papo hapo kwenye samadi. Mama Minza, mkewe, tulimshika watu watatu. Wamechinja dume, ukoo wote umenyoa, na mama amenyoa. Na nikuambie jambo lililowashtua wote: mama alimlilia Sylvester kwa jina. Jina ambalo hakulitamka tangu posa, alilipaza mbele ya wazazi wake, "Sylvester! Sylvester, mbona hukuaga?" Wazee walitikisa vichwa. Ukwe umekwisha, marehemu hafichwi.

Sasa niambie. Alikufa kwa ugonjwa gani? Kazikwa wapi? Mzee Ngollo anataka udongo wa kaburi. Na wewe ulimzikaje mumeo peke yako, bila kutuita? Una moyo gani? Sikukaripii. Nakulilia.

Hilari

*

Nairobi
20 Novemba 1958

Kaka,

Sylvester hajafa! Mungu wangu, kaka, Sylvester hajafa! Nimesoma barua yako kwenye korido ya wodi, nikakaa sakafuni kama Mzee Ngollo. Nimekimbia posta na aproni yangu kukupigia simu ya maandishi, natumaini imekufikia kabla ya hii. Mmenyoa! Mmechinja! Yalaa, nimefanya nini mimi?

Basi sikia, nitasema mara moja na sitarudia. Tangu Februari Sylvester anakaa na mwanamke mwingine, upande wa pili wa mji. Hakuondoka kwa kunyemelea. Alimleta mwanamke yule nyumbani kwetu mchana, akaniambia nimpishe, nami nilipouliza nimpishe niende wapi, alinipiga kwa mkanda mpaka jirani akavunja mlango. Jino langu la mbele si langu. Nilikwenda kazini hivyo hivyo, wakanishona wenzangu wa wodi ile ile ninayofanyia kazi. Wakanipa chumba katika nyumba za manesi. Chumba hicho ndicho nilichosema. Kimoja, na kitanda kimoja.

Sikuwaambia kwa sababu niliona haya. Mama kamsifu mkwe wake parokia nzima: hanywi, ni karani wa relwe, anasali. Nilidhani nikisema "mama ataelewa" ataelewa kwamba mume kaniacha. Sikujua kwamba kwa mama mume hawezi kuondoka ila kwa jeneza.

Waombe radhi Lusu. Waambie mtoto wao yu hai na amenenepa.

Mdogo wako,
Getruda

*

Chemchem, Tabora
30 Novemba 1958

Getruda,

Hatujambo. Simu ilifika, na barua imefika.

La jino limeniuma. Nimelisoma peke yangu nje, na mama nimemsomea yote, sikuficha neno. Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akaingia ndani. Toka siku hiyo hazungumzi habari hizi.

Lusu nilikwenda mwenyewe, nikidhani watanichinja kama lile dume. Mama Minza alicheka na kulia kwa pamoja. Lakini Mzee Ngollo alikasirika. Wazee wamekaa, nami nilikaa nao, na uamuzi ni huu: msiba wa mtu aliye hai ni mkosi, na wa kuuondoa ni wewe. Urudi kwa mumeo, mkae pamoja, watu waone kuwa si mjane. Wamemwandikia Sylvester aje akuchukue. Na mama akifika huko ndiye atakayekuambia, maana neno la mama halipingwi. Nilijaribu kutetea, wakaniuliza nyumba ya padre mpya itakuwaje na dada aliyeachika. Pengine wana haki, Getruda. Mimi sijui tena.

Mama bado amevaa nyeusi. Padre amemwomba avue kwa ajili ya safari, amekataa.

Hilari

*

Nairobi
6 Desemba 1958

Kaka,

Shikamoo. Kama mama anakuja na maneno hayo, hatalala kwangu. Nimerudi kwa yule Mhindi wa ngazi nyingi, chumba nimekishika. Mama atapanda, na magoti yakikataa nitambeba mgongoni. Nitampikia, nitamwosha miguu, nitampeleka uwanjani. Lakini maneno ya Lusu hayaingii katika chumba changu. Sirudi. Nimesema sirudi.

Getruda

*

Nairobi
15 Desemba 1958

Kaka Hilari,

Shikamoo, na salamu kwa Pelagia na mtoto. Mama alifika salama, na jana mchana ameondoka salama. Keti mahali penye utulivu uisome hii.

Alishuka kwenye ndege na kichwa chake kilichonyolewa na nguo yake nyeusi, anatembea kama anatoka kisimani, Wazungu wanampisha. Nilimpeleka moja kwa moja kwa yule Mhindi. Alisimama chini ya ngazi, akaangalia juu. "Hapa ni wapi?" Hotelini, mama. "Na kwako kuna mkwe?" Nikasema hakuna. "Sasa hoteli ya nini?" Akageuka kushika njia, na mzigo wake kichwani, wala hajui ni njia gani.

Kwangu alilikagua godoro kwa ngumi, akafungua mlango na kuufunga mara mbili, akaridhika. Tulikula ugali na mlenda aliouleta mkavu. Nangoja aseme. Aliniambia habari za ndege, habari za mbuzi wako, akaniambia nifungue mdomo, akalitazama lile jino la bandia. Nikajua sasa ndiyo anaanza. Mlango ukapigwa.

"Getruda! Fungua! Ofisini wananipa mkono wa pole kwa kifo changu mwenyewe! Umeniua, na leo unarudi nyumbani utake usitake!"

Alikuwa Sylvester. Nilifungua kwa sababu angeuvunja. Aliingia hatua moja, akaona miguu ya mama kitandani, na, kaka, ungelimwona! Mtu na tai yake alichutama papo hapo, akageukia ukuta, sauti ikawa ya mtoto. "Shikamoo, mkwe." Mama alikuwa ameshajifunika khanga mpaka kidevuni. Sylvester akausemesha ukuta: amekosa, shetani alimpitia, wazee wa Lusu wamekwisha amua, amekuja kumchukua mkewe, na mkwe mwenyewe ni shahidi.

Nilishika meza. Nilijua mama akisema neno moja tu nimekwisha.

Mama hakumjibu yeye. Aliniuliza mimi, kutoka ndani ya khanga, "Getruda, nani huyo anayesema?"

"Ni Sylvester, mama."

"Sylvester yupi?"

"Mkweo."

"Mkwe wangu nimemlilia Lusu," akasema. "Nimemtaja jina mbele ya baba yake na mama yake. Nimenyoa kwa ajili yake, na nyama ya msiba wake nimekula. Mimi nina mkwe hapa? Kama sina, najifunika uso nimfiche nani?"

Akaishusha khanga. Akainuka na magoti yake yale, akaenda akasimama nyuma yake. "Wewe kijana. Geuka."

Sylvester hakuweza. Mama akangoja. Akageuka kidogo kidogo, bado amechutama, na mama akainama akamtazama usoni, macho kwa macho, muda mrefu sana. Mimi mwenyewe nilitaka kupiga yowe. Sijawahi kuona jambo kama hilo na sidhani nitaliona tena.

"Miaka yote nimekaa bila kujua una sura gani," akasema. "Kumbe ndiyo hii."

Sylvester ndiye aliyefunika uso, kwa mikono yake miwili, akainuka na kutoka hivyo hivyo akijigonga kwenye mlango. Mama akarudi kitandani, akaniambia niufunge, baridi inaingia. Kisha akaniuliza nalala upande wa ukutani au upande wa nje.

Alilala fofofo. Jana uwanjani alivua nguo nyeusi, akanipa niiweke, akavaa kitenge cha parokia. Kabla hajapanda alisema nikuandikie hivi: Hilari aende Lusu, awaambie wazee kwamba matanga tumekwisha anua.

Mdogo wako,
Getruda